Heshima isiyo na -an-: uhakiki wa desturi ya kumlinda mwanamke

Katika maisha ya kila siku, ulinzi anaopewa mwanamke huhesabiwa kuwa heshima. Kwenye kikao cha jamaa mama hupewa kiti kizuri; mjini hupokewa mkoba na kulipiwa nauli. Nia ya watendao hayo ni njema, wala haifai kudhihakiwa. Lakini je, apewaye kiti hupewa pia neno? Mara nyingi kikao huanza kwa kumkalisha mama vema na huisha bila kumuuliza shauri lake. Tena adabu hiyo huchagua mizigo: mkoba mwepesi hupokewa mlangoni, ilhali mzigo wa kuni utokao shambani hubaki kichwani mwake.

Sarufi ya Kiswahili inaweza kutoa kipimo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wako wanaodai kwamba kauli hiyo ya kutendwa yatosha kuthibitisha unyonge wa mwanamke. Hoja hiyo ni dhaifu: umbo la kitenzi peke yake si ushahidi wa fikra za wasemaji, na lugha hiyohiyo inalo neno kuoana. Lifaalo kuchunguzwa ni iwapo tendo lenyewe, katika maisha, hukubali kiambishi -an-. Kusaidia huzaa kusaidiana, kuheshimu huzaa kuheshimiana, wala hakuna anayeshangaa. Je, kulinda na kuruhusu nako?

Sheria ya Jamaa, iliyotolewa nchini Zaïre tarehe 1 Agosti 1987, ilijibu waziwazi. Kifungu cha 444 kilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba. Yeye alipaswa kumlinda mkewe, na mke alipaswa kumtii mumewe. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi atakayoitimiza yeye mwenyewe. Ulinzi na utii viliwekwa bega kwa bega, kana kwamba kimoja ni bei ya kingine. Alindaye halindwi, atiiye hatiiwi.

Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ulazima wa ruhusa hiyo, ingawa ukuu wa mume nyumbani ulibaki. Hata hivyo, kilichofutwa katika sheria chaweza kuendelea kuishi katika upole. Mke apatapo kazi, huambiwa kwa sauti ya huruma kwamba atachoka, afadhali apumzike nyumbani. Neno hilo ni la upendo, lakini limekwisha kukata shauri lisilo la msemaji.

Si lazima, basi, kuacha kumpokea mama mzigo. Heshima ya kweli hutambulikana kwa mambo mawili: aheshimiwaye aweza kuikataa bila kulaumiwa, na aweza kuirudisha kwa aliyempa. Ile isiyokubali -an- ichunguzwe upya, hata kama imetoka katika moyo mwema.