Soma Vumbi Kabla ya Kusoma Bei

Kijana alikuwa amelipangusa gari hadi linang'aa kama sahani. Lilikuwa Land Cruiser VX, lile umbo la 100, rangi ya lulu, viti vya ngozi, limeegeshwa chini ya mwarobaini karibu na Soko Mugdi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua la Garissa halijakaza. "Abti, ingia ukae kwanza," akaniambia, huku ameshika mlango. Nikamshukuru, nikamwomba afungue boneti.

Nilifungua vibanio vya kasha la eya-klina, nikatoa chujio la hewa. Lilikuwa jipya kabisa, karatasi yake nyeupe kama kanzu ya Idi. Kisha nikafunga kitambaa cheupe kwenye kidole na kukipitisha ndani ya bomba lililo upande wa pili wa chujio, upande unaokwenda injini. Kitambaa kilitoka na vumbi jekundu, laini kama poda ya mtoto. Kwangu biashara iliishia hapo. Ngozi, rangi na bei sikuviuliza tena.

Vumbi likijaa upande wa nje wa chujio, hakuna lawama: chujio limefanya kazi yake. Likionekana upande wa ndani, injini imekuwa ikilinywa. Kila pistoni ikishuka inavuta hewa, na hewa hiyo ikiwa na mchanga, ringi na kuta za silinda zinasagwa kama zinapigwa msasa. Hasara haionekani wiki hiyo. Itaonekana baadaye, oili itakapoanza kupungua bila kuvuja popote, na moshi wa samawati kutoka kwenye eksozi. Chujio jipya kwenye bomba chafu linakuambia jambo moja zaidi: mwenye gari analijua tatizo, au fundi wake analijua.

Nimeanza na vumbi kwa sababu huku kwetu ndilo linaloamua umri wa gari. Miongozo mingi ya kununua gari imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Nairobi, ambako adui ni msongamano, matuta na mashimo. Mtu wa Garissa, Wajir au Mandera anaponunua stesheni wagoni ya kifahari, anainunua ikabebe mama mwenye miaka sabini kutoka Modogashe bila mgongo kumuuma, ikapeleke wazee kwenye nikahi, na usiku wa dharura ikamfikishe mgonjwa hospitali kupitia njia ambayo ambulansi imekwama. Hiyo ndiyo anasa ninayoizungumzia. Gari la namna hiyo lazima liwe zuri ndani ya injini na chini ya sakafu kwanza, ndipo uzuri wa kiti uwe na maana.

Rangi ya vumbi pia ni barua. Ingiza kidole pale ambapo mwosha magari hafikishi kitambaa: nyuma ya taa za nyuma, chini ya raba ya mlango, ndani ya kishimo cha jeki. Mchanga mwekundu ni wa Dadaab na barabara zake. Vumbi jeupe jeupe la mawe ya chokaa ni la Wajir. Udongo mweusi unaoganda kama saruji ni wa Ijara na Masalani. Muuzaji akikuapia kwamba gari halijawahi kutoka kwenye lami ya Nairobi, na kishimo cha jeki kimejaa Dadaab, basi umeshajua thamani ya maneno yake mengine yote.

Milango ya nyuma ya Land Cruiser za VX hufunguka kwa vipande viwili, kimoja juu na kingine chini. Raba yake ikichoka, gari huvuta vumbi kutoka nyuma likiwa mwendoni. Muuzaji aendeshe kwenye barabara ya vumbi, nawe ukae kiti cha mwisho, vioo vikiwa vimefungwa. Dakika kumi zinatosha. Ukianza kuonja udongo mdomoni, raba ni bei ndogo, lakini jiulize vumbi hilo limekaa miaka mingapi ndani ya mota za vioo, feni ya kiyoyozi na nyaya.

Baada ya vumbi, maji. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoijaza Tana, barabara kati ya Madogo na Garissa ilifunikwa, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Aprili na Mei 2024 mafuriko yakarudi. Magari mengine yalijaribu kupita na maji yakayazidi nguvu. Gari lililozama huanikwa, likasafishwa, likapakwa manukato, likauzwa. Kulitambua si kazi ngumu kwa mwenye subira. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa, hadi ukatae. Sehemu ile ya mwisho, ambayo kila siku hujikunja ndani ya nguzo, haioshwi na mtu. Maji ya mto yakipita hapo huacha mstari wa tope la kijivu ambao hauondoki. Kwenye mkanda huohuo, chini, kuna lebo iliyoshonwa. Nyingi huonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Mwaka huo ukiwa mbali na mwaka wa gari, uliza mkanda ulibadilishwa baada ya ajali gani.

Inua zulia miguuni pa dereva na unuse. Piga tochi chini ya viti, kwenye soketi za nyaya: rangi ya kijani kwenye shaba ni kutu ya maji. Mwishowe mwambie fundi alegeze bolti ya difu ya nyuma, aangushe matone machache ya oili kwenye kiganja. Oili nzima ni ya kahawia au nyeusi. Ikitoka kama chai ya maziwa, difu imekunywa maji, na giaboksi nayo ichunguzwe vivyo hivyo.

Kutu kwenye chesisi ina maelezo yake. Ardhi ya huku kwetu ni kavu, na gari lililozeeka Garissa huwa na chesisi iliyokwaruzwa na mawe lakini kavu. Ukiona kutu inayobanduka kwa maganda, gari hilo limeishi pwani, au limetoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Kutu ya juu juu isikutishe. Gonga kwa bisibisi usikie: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinanyamaza.

Mnunuzi wa ngamia mwenye macho hupenda kufika zizini mapema amtazame mnyama akiinuka. Akishaamka na kutembea, kilema kidogo hujificha. Fanya hivyohivyo. Mwambie muuzaji jioni kwamba utafika alfajiri na gari lisiwashwe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na joto, kuna kitu wametaka usikione, na una haki ya kurudi kesho. Likiwa baridi, simama nyuma ya eksozi liwashwe. Dizeli ya zamani kutoa moshi mweupe kidogo kwa sekunde chache asubuhi ni kawaida. Moshi mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni nozeli au chujio. Wa samawati ni oili, na hapo kumbuka kile kitambaa. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili na ukiweke juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitulia au kutikisika kidogo, kompresheni ipo. Kikirukaruka na mvuke ukipiga mkono wako, mafundi husema injini inapumua, na injini inayopumua itahitaji kufunguliwa.

Rudi saa saba mchana. Jaribio hili wengi hulisahau, nami nililisahau siku moja na nikalilipia. Nilinunua umbo la 80 kwa mtu niliyemwamini, nikalijaribu asubuhi tu, likaenda vizuri mno. Mchana wa tatu, karibu na Mwingi, mshale wa joto ulipanda. Silinda hedi ilikuwa na ufa wa zamani uliozibwa. Tangu hapo huliacha gari likinguruma limesimama dakika ishirini juani, kiyoyozi kikiwa mwisho, mbele na nyuma, nikiutazama mshale. Ukisogea juu ya kawaida yake, nazima na kuaga. Kisha rejeta ikipoa hufungua kifuniko. Watu wengi huku hujazia maji ya kisima, na maji ya visima vyetu, ya Wajir hasa, yana chumvi. Huacha ukoko mweupe ndani ya rejeta kama ule wa birika. Ukoko ukionekana mdomoni, mishipa ya ndani imeziba zaidi.

Kisha kuna magari ya mashirika ya misaada. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na tangu hapo Ifo, Dagahaley na Hagadera zimeleta huku Land Cruiser nyingi, hasa umbo la 105 lenye ekseli nzima mbele na injini ya 1HZ. Mengine huishia kuuzwa kwa zabuni. Utayatambua kwa matundu ya antena ya redio kwenye bampa na kivuli cha nembo mlangoni ambacho jua halikukiunguza. Mimi nayapenda. Mashirika mengi hubadilisha oili kwa ratiba na kuandika kitabu, kwa hiyo omba kitabu hicho, usome kurasa za nyuma. Ubaya wake ni barabara zilizopita chini yake. Lala chini na tochi utazame pale sanduku la usukani linaposhikana na chesisi, na pale shokabsoba zinaposhikiliwa, utafute nyufa na alama za kuchomelea. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna tufe kubwa la chuma: likiwa limelowa mchanganyiko wa grisi na oili, sili zimekufa. Hizo zinatengenezeka. Chesisi iliyochomelewa kwenye usukani, achana nayo. Pia gari lililoingia nchini bila ushuru halina budi kulipiwa ushuru linapohamia kwa mtu binafsi. Risiti ya KRA uione kwa macho yako.

Juu ya kilomita sitasema mengi. Mtu anayetoka Garissa kwenda Nairobi na kurudi mara moja kwa wiki hutembea kama kilomita 740, yaani zaidi ya 38,000 kwa mwaka. Namba za KB zilianza kutolewa mwaka 2007. Gari la KB lenye kilomita 120,000 kwenye dashibodi ama lilikuwa pambo la mtu, ama mita imerudishwa nyuma. Raba ya pedali ya breki itakuambia ni lipi.

Stakabadhi nazo ni fupi: tafuta kumbukumbu za gari NTSA kupitia eCitizen, linganisha namba ya chesisi na iliyogongwa kwenye chuma, hakikisha hakuna benki iliyoandikwa kama mmiliki mwenza. Gari lisilo na kumbukumbu, hata likiwa jipya na bei ikiwa nusu, si gari la kununua. Na kabla ya kutoa pesa, mwulize muuzaji aibu za gari mbele ya mashahidi wawili. Fiqhi yetu ya biashara inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na nimeona wauzaji wakikumbuka mengi wakishaulizwa hivyo mbele ya wazee.

Sasa uchague lipi? Umbo la 200, lenye dizeli ya V8 ya lita 4.5, ni starehe kuliko yote niliyoyataja, na anayeishi kwenye lami ya Garissa na Nairobi simkatazi. Lakini lina nozeli nane zinazotaka dizeli safi, turbo mbili zinazochukia vumbi, na ukikwama Habaswein hutapata wa kulifungua. Petroli ya V8 lita 4.7 kwenye umbo la 100 ni injini ngumu kufa, ila hunywa lita moja kwa kilomita tano au sita, na vituo vyetu viko mbalimbali. Kwa anayepita Wajir kwenda Mandera, 105 au 80 lenye 1HZ: halina turbo, haliendi kasi, na kila mji una mtu anayeijua injini hiyo. Kwa anayetaka vyote viwili, 100 lenye dizeli ya 1HD-FTE ndilo gari bora lililowahi kufika mkoa huu, sharti uone risiti ya mkanda wa taimingi. Mkanda huo ukikatika, vali hukutana na pistoni na injini imekwisha. Taa ya T-BELT ipo kwenye dashibodi kwa kazi hiyo. Washa swichi uone kama balbu yake bado imo.

Lolote utakalochagua, weka kando sehemu ya tano ya bei kwa matengenezo ya miezi ya kwanza. Ukiwa huna sehemu hiyo ya tano, shuka daraja ununue gari la bei ndogo. Nenda na tochi, kitambaa cheupe, na fundi anayeijua injini hiyohiyo unayoinunua. Na muuzaji akikukataza kufungua eya-klina, mshukuru, mpe mkono, urudi nyumbani na pesa zako.