Majina yanayobaki kizingitini

Mtahiniwa akiandika kwamba Claudius ndiye aliyemuua babake Hamlet, atapata alama zake bila ubishi. Lakini hebu mwombe akuonyeshe ni nani, katika tamthilia nzima, anayemwita mfalme huyo Claudius. Atafunua kurasa mpaka achoke. Hamlet hamwiti hivyo, malkia hamwiti hivyo, hata mzuka wa marehemu haumtaji. Jina limo katika maelekezo ya jukwaani na katika orodha ya wahusika, basi. Mtu aliyelipa kiingilio anaweza kutazama mchezo tangu mwanzo hadi mwisho, akarudi nyumbani bila kulisikia.

Mhakiki Mfaransa Gérard Genette alitupa neno la kufaa hapa. Vitu vinavyoizunguka kazi ya fasihi, kama vile jalada, dibaji, tanbihi na maelezo ya mwandishi mwenyewe, aliviita vizingiti, na hilo ndilo jina la kitabu chake cha mwaka 1987, Seuils. Asimamaye kizingitini hayuko nje kabisa, wala hajaingia ndani. Jina la Claudius limesimama papo hapo.

Hoja yangu ni hii: jina la kizingitini ni ushahidi halali, lakini tusilivute ndani ya hadithi kana kwamba lilikuwamo siku zote. Tukifanya hivyo, tunaziba pengo ambalo huenda ndilo lililobeba maana. Katika Hamlet, mfalme aliyeuawa ana jina, tena amempa mwanawe. Aliyeua anaitwa Mfalme tu. Amenyakua kiti, na sasa hana kingine cha kujulikana nacho ila kiti hicho. Mwanafunzi anayekimbilia kuandika Claudius kila mstari hulipita jambo hili bila kuliona.

Tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo unasomwa shuleni na vyuoni. Mwishoni mwa utenzi mtunzi anajitaja kwa jina. Bintiye, ambaye mawaidha hayo yameelekezwa kwake, anaitwa binti na mwanangu. Kwamba msichana huyo aliitwa Mwana Hashima binti Sheikh, tunaambiwa na wataalamu waliouhariri na kuueleza utenzi baadaye.

Mwana Hashima hakubuniwa. Alikuwa mtu wa nyama na damu. Hata hivyo, ndani ya beti ni msikilizaji, naye msikilizaji ni nafasi ambayo yeyote anaweza kuikalia. Binti yeyote wa Lamu, Pate au Siyu angeweza kusomewa beti zile akajiona ni yeye anayeusiwa. Ukilijua jina la Mwana Hashima, unasikia kitu kingine: mama mmoja anamuaga mtoto mmoja, na muda unayoyoma. Masomo yote mawili ni ya kweli. Kosa ni kuyachanganya, tukadai kwamba mtunzi alitaja jina ambalo hakulitaja, au tukasahau kwamba nyuma ya neno binti kulikuwa na mtu.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mamake shujaa anaitwa Mbwasho, na kijakazi anayempelekea mkate gerezani anaitwa Saada. Mtoto anayemchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, akasababisha kifo chake, ni mwana tu. Yaani kijakazi kapewa jina, mtoto wa shujaa kanyimwa. Mimi nauona ukimya huo kuwa hukumu. Kwetu Ukambani mjukuu hurithi jina la babu au nyanya. Jina lisilotajwa halina wa kulirithi. Akitokea mhariri kesho na jina la kijana huyo, tutamshukuru na kuliweka katika tanbihi. Katika beti, kijana abaki alivyoachwa.

Yapo pia majina ya nje yaliyopata nguvu hata yakaingia ndani. Mke wa Potifa hana jina katika Mwanzo 39. Katika Kurani naye ni mke wa Al-Aziz, kwa kuwa mwanamke anayetajwa humo kwa jina lake ni mmoja tu, Maryam. Jina Zulekha lilitoka kwa wafasiri na washairi. Visa hivi si vya kubuni kwa waumini wake, na sivitaji ili kuvilinganisha na tamthilia. Nataka tu tuone mwendo wa jina. Leo wako akina Zulekha wengi pwani yetu, na wengi wetu tungeapa kwamba jina hilo tumelisoma katika kisa chenyewe.

Utauliza, kwani kuna hasara gani? Hasara ipo, na naiona darasani. Wanafunzi wetu wengi huusoma mwongozo kabla ya kitabu, na mwongozo huanza na orodha: fulani ni nani, sifa zake ni zipi. Mtoto akishakariri orodha, hana tena sababu ya kujiuliza kwa nini mhusika mmoja ana majina matatu na mwingine ni Askari wa Pili. Amepewa jibu kabla ya swali. Na maswali ya aina hiyo ndiyo huonyesha nani ana mamlaka katika hadithi: nani huita, nani huitwa, na nani hutajwa kwa cheo au kwa mtoto wake tu.

Haya hata maisha yanatufundisha. Hapa Machakos unaweza kununua mboga kwa Mama Mutua miaka ishirini. Jina lake la ubatizo unalisoma siku ya tanzia, katika karatasi ya mazishi, ukashtuka: kumbe aliitwa hivi! Karatasi ile ni kizingiti. Imetupa jina, lakini haiwezi kubadilisha miaka ile ishirini ambayo sokoni hakuna aliyemwita nalo. Anayeandika tawasifu ya mama huyo kwa haki ataandika mambo mawili: jina lake, na kwamba hatukulijua.

Mwalimu wa fasihi afanye vivyo hivyo. Amwonyeshe mwanafunzi jina, kisha amwambie limetoka wapi: katika mazungumzo, orodha, dibaji, au mdomoni mwa mwandishi alipohojiwa. Mtahini naye asiulize tu mhusika anaitwa nani. Aulize pia nani anamwita hivyo. Na mwelekezaji anayeipeleka Hamlet jukwaani asimpachike mwigizaji neno Claudius kinywani ili hadhira ielewe. Hadhira itaelewa. Itamwona mtu aliyekalia kiti cha mwenzake, na wote wanaomzunguka wakikitaja kiti.