Kila Mhusika na Hoja Yake

Mtunzi wa tamthilia hana msimulizi wa kumsaidia. Hawezi kuingia katikati ya mazungumzo akatueleza nani mwenye haki na nani amepotoka. Ana watu wake na maneno anayowapa, basi. Akimpunja mmoja wao hoja, waigizaji watalijua hilo siku ya kwanza ya kusoma mezani, kabla hata hawajasimama. Atakayepewa mhusika huyo atatafuta kwa nini anasema anayosema, na hatapata kitu.

Nimeujua uzito wa kazi hiyo zaidi kwa kuisoma, hapa Bujumbura, tamthilia iitwayo The Rolling Stone ya Mwingereza Chris Urch, iliyopata moja ya tuzo za Bruntwood mwaka 2013 na kuonyeshwa Manchester mwaka 2015. Jina lake ni la gazeti la Kampala ambalo mwaka 2010 lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja, pamoja na wito wa kuwanyonga. David Kato, mmoja wa waliotajwa, alikwenda mahakamani na wenzake wakashinda. Januari 2011 akauawa nyumbani kwake. Urch angeweza kuandika tamthilia ya mahakama, au ya mazishi. Aliandika tamthilia ya familia moja na wapenzi wawili.

Inaanzia ndani ya mashua. Dembe ana miaka 18. Sam ni daktari, mama yake Mganda na baba yake mtu wa Ireland ya Kaskazini. Ukisoma haraka utaona vijana wawili wanataniana, ugeuze ukurasa. Mwigizaji hasomi hivyo. Anajiuliza mwili wake uko wapi. Kwenye mashua huwezi kuinuka ghafla ukaondoka neno likikuchoma. Unakaa, unatazamana na mwenzako, na kila anayejisogeza anamtikisa mwingine. Mahali hapo panawapa faragha na papo hapo panawabana. Tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tunaongeza jambo ambalo msomaji wa Manchester huenda asilifikirie: maji yanabeba sauti. Usiku uliotulia unawasikia wavuvi wa ndagala wakisemezana, na taa zao ziko mbali kabisa. Kwa hiyo mimi ningemtaka Dembe wa Bujumbura acheke huku akijizuia, hata kama mtunzi hakuagiza hivyo. Mapenzi yao yaonekane katika namna wanavyopimiana sauti.

Halafu kuna Joe, kaka mkubwa wa Dembe, mchungaji mpya. Hapa ndipo ninapomvulia Urch kofia. Joe anampenda mdogo wake, na kwa sababu hiyo anatisha. Imani yake ni ya kweli, kanisa limemkabidhi watu, na mkate wa nyumba yao umefungamana na heshima yake. Mwongozaji akimruhusu mwigizaji amfanye Joe mnafiki, tamthilia inakufa palepale, kwa kuwa Dembe atakuwa anamkimbia mtu mbaya, na kumkimbia mtu mbaya hakuumizi sana. Lazima awe anampoteza ndugu.

Yupo pia Naome, binti wa jirani, ambaye kwa sehemu kubwa ya mchezo hasemi. Msomaji wa peke yake chumbani humsahau. Mezani hasahauliki: mtu aliyepewa nafasi yake amekaa pale, na kila anayefungua mdomo anafungua mbele yake.

Ufundi huu wa kumpa kila mhusika hoja yake si mgeni kwa Warundi, tuliujua kwa masikio. Tangu mwaka 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo ilirusha redioni Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Sibazuri aliandika mamia ya vipindi vyake. Katika nchi ambayo watu walikuwa wakiuana kwa majina hayo mawili, alizipa familia zote mbili watoto, wivu, njaa na sababu. Nikimsoma Urch namkumbuka huyu mama, na sioni kwamba namshusha yeyote kwa kuwaweka meza moja.

Kampala wenyewe walijaribu kulipandisha jambo hili jukwaani. Agosti 2012 ilionyeshwa The River and the Mountain, ya Beau Hopkins, ikiongozwa na Angella Emurwon, na waigizaji wote wakiwa Waganda. Okuyo Joel Atiku Prynce aliigiza mfanyabiashara Samson, ambaye mama yake anahangaika kumtafutia tiba, na mwishowe wafanyakazi wenzake wanamuua. Mtayarishaji David Cecil alikamatwa Septemba kwa kuonyesha mchezo bila kibali cha Baraza la Habari. Kesi ilifutwa Januari 2013, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini. Okuyo alibaki, kwao, na uso wake ukiwa umeshajulikana. Ujasiri wa mwigizaji huyo haujasifiwa inavyostahili.

Kwetu, sheria ya 22 Aprili 2009 ndiyo iliyoyafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai kwa mara ya kwanza, na adhabu yake inafika miaka miwili jela. Najua basi kwamba tamthilia ya Urch itasomwa mezani muda mrefu kabla ya kupandishwa jukwaani Bujumbura. Kusoma mezani nako ni kazi kamili. Ningepewa nafasi ya kugawa wahusika, Joe ningempa mwigizaji anayesali kwa dhati, tena asiyekubaliana nami, nimwombe atetee kila sentensi yake kwa nguvu zake zote. Dembe ningempa kijana mwenye sikio zuri, akae mkabala naye, asikilize mpaka mwisho ndipo ajibu.