Heko kwa fundi anayetafuta chanzo

Kuifuta taa ya injini ni kazi ya dakika moja: mashine inachomekwa, kitufe kinabonyezwa, dashibodi inatulia. Siku chache baadaye taa imerudi. Ndiyo maana fundi umeme anayekataa kuifuta kabla hajajua kilichoiwasha anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, hasa na sisi wenye Toyota kuukuu.

Chukua msimbo wa hitilafu P0171 unaosomwa na mashine hiyo. Unasema injini inapata hewa nyingi kuliko inavyostahili kwa petroli inayoingia. Hausemi kifaa gani kimeharibika. Fundi mwenye haraka humnunulisha mteja sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi imetoa taarifa ya kweli tu. Fundi wa kweli hutazama kwanza kompyuta inaongeza petroli kiasi gani injini ikinguruma taratibu, kisha anakanyaga mafuta mpaka mizunguko kama 2,500 kwa dakika na kutazama tena. Nyongeza ikishuka, anashuku mpira uliopasuka au gasketi ya manifodi inayovuta hewa; hapo ndipo anapopuliza moshi ndani ya mipira na kuangalia unatokea wapi. Ikipanda, anageukia pampu, filta ya petroli au sensa ya hewa iliyoshika uchafu.

Wapo wanaolalamika wakitozwa fedha za kupima huku hakuna kifaa kikubwa kilichobadilishwa. Kwangu, hizo ndizo fedha zinazolipwa kwa haki kuliko zote gereji.