Kinyozi wa Uani

Anayejifunza kunyoa nyumbani hugundua mapema kwamba kichwa cha mtu si mpira. Kuna mbonyeo nyuma ya masikio, kuna chogo, kuna kovu la utotoni lililojificha miaka yote, na utosini nywele huota kwa mzunguko, kila kichwa na upande wake. Mashine ikipelekwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye paji hadi kisogoni, itaacha visiwa vya nywele ambavyo mwenye kichwa atavijua kwa kuchekwa.

Kinyozi wa kibandani hunyoa vichwa vingi kwa siku, na wepesi wa mkono wake mtu wa nyumbani haufikii. Lakini mama anayewanyoa wanawe uani ana faida moja ambayo fundi hana: vichwa vyake ni vilevile. Anajua nani hutikisika mashine ikikaribia sikio, nani ana kidonda, nani nywele zake za shingoni huelekea kushoto. Baada ya miezi kadhaa mkono hupita wenyewe. Ufundi huu una heshima yake, na haustahili kuitwa ubahili.

Chombo chenyewe hakina siri kubwa. Zamani mashine ya kunyolea ilikuwa ya kubana kwa mkono, na aliyechoka vidole alivuta nywele badala ya kuzikata. Mwaka 1919 Leo Wahl, wa mji wa Sterling katika jimbo la Illinois, Marekani, aliomba hataza ya mashine ya umeme yenye mota ndani ya mpini. Hadi leo mashine nyingi za waya hufanya kazi kwa sumaku-umeme: meno ya chini yametulia, ya juu yanakwenda na kurudi. Umeme wa Tanzania na Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo meno ya mashine za namna hiyo hupiga mara 6,000 hivi kwa dakika. Zikianza kupiga kelele kama debe, mara nyingi dawa yake ni skrubu ndogo ya ubavuni, igeuzwe kidogo mpaka sauti itulie. Na kabla ya kugusa kichwa, meno ya juu yawe nyuma kidogo ya yale ya chini. Yakitangulia, yatauma ngozi.

Kisha kuna vile vichana vya plastiki vinavyopachikwa mbele ya meno. Namba 1 huacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 4 milimita 13. Mwanafunzi mwenye akili huanza na namba kubwa na kushuka, tena kwa nywele zilizooshwa, zikakauka na kuchanwa, huku mashine ikipanda dhidi ya uelekeo wa nywele. Haraka hapa ni ghali: nywele za kipilipili huota kwa wastani wa milimita 8 hivi kwa mwezi, kwa hiyo kosa la namba 1 hukaa kichwani wiki kadhaa.

Wanaopenda kisogo king'ae kama sahani wanajitafutia balaa. Nywele zetu huota zimejikunja, na zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha hugeuka na kuchoma ndani. Hivyo ndivyo vipele vya kunyolea huzaliwa, na kwa baadhi ya watu vile vya kisogoni hugeuka kuwa makovu magumu yaliyovimba. Kuacha milimita moja si uvivu.

Kunyoana nyumbani si jambo geni. Katika familia za Kiislamu mtoto hunyolewa kwa mara ya kwanza siku ya saba, na pwani wapo wanaongoja arobaini. Nywele hizo hupimwa na uzito wake hutolewa sadaka kwa fedha, kama inavyosimuliwa kwamba Fatma, binti wa Mtume, aliwafanyia Hasan na Husein.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, dunia nzima ilirudi uani. Uingereza vibanda vya vinyozi vilifungwa Machi, na huko England havikufunguliwa hadi Julai 4. Uganda nako vilifungwa kwa miezi kadhaa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwaka ule wengi walijinyoa, na visogo vilitoa ushahidi.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni usafi. Mapunye husafiri kwa mashine kutoka kichwa hadi kichwa, hata vya ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kila anapoinuka mmoja, meno yapigwe brashi, yafutwe kwa spiriti, na mwisho wa kazi yatiwe matone mawili ya mafuta. Mwenye mapunye atibiwe kwanza. Wembe wa kuchangia usiwepo kabisa: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu isipoonekana.

Mstari wa paji la uso ndio mtihani wa mwisho, na ndipo wengi hurudisha nywele nyuma hadi katikati ya kichwa wakitafuta unyoofu. Anayeanza aufuate mstari wa asili, asiuchore wake. Na asianze kujifunza wiki ya harusi. Wiki hiyo ampeleke bwana harusi kibandani, amlipe fundi, akae pembeni atazame mkono wake.