J4 ni siku gani? Kasoro ya kufupisha siku kwenye tarakilishi

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alikosa kikao cha kutetea pendekezo lake la utafiti. Kikao kilikuwa Jumanne. Yeye alifika Alhamisi, tai shingoni, makabrasha kwapani. Nilipomuuliza kulikoni, alifungua tarakilishi yake akanionyesha kikumbusho alichojiwekea: "J4, saa nne." Wikendi iliyotangulia nilikuwa nimemshawishi aiweke mashine hiyo katika Kiswahili. Kijana alihesabu kama zihesabiwavyo siku za kazi: Jumatatu moja, Jumanne mbili, Jumatano tatu, Alhamisi nne.

"Mwalimu, wacha nirudi tu kwa Kiingereza," akaniambia.

Kauli hiyo iliniuma, nikaamua kulichunguza jambo lenyewe. Mwanafunzi huyu anatumia i3, programu ya Linux iliyoanzishwa na Mjerumani Michael Stapelberg mwaka 2009. Programu hiyo ina upau mwembamba unaoonyesha saa, tarehe na kiasi cha betri. Siku ilikuwa ikiandikwa humo kwa ufupisho: J1, J2, J3, J4, J5, Alh, Ij.

Je, ufupisho huu ni makosa? Kwa asili ya maneno, la. Juma la Waswahili huanza baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza na Jumanne ni ya nne. Tatizo ni kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, ambacho tarakilishi nyingi hukifuata, huihesabu Jumatatu kuwa siku ya kwanza. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina tano mbili: Jumatano, na Alhamisi ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano. Anayeona J5 bila kuijua historia hii atakisia tu. Ufupisho unaomlazimisha msomaji kukisia haujafupisha chochote.

Wapo watakaosema kwamba vijana huandika hivyo kwenye simu na wanaelewana. Sawa. Lakini rafiki akiandika J4, unaweza kumuuliza, "Unamaanisha lini?" Upau hauulizwi.

Wengine watadai kuwa nafasi ni finyu. Dai hili halina mashiko. Hebu tuhesabu herufi. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi zina herufi 8 kila moja, Jumanne ina 7, Ijumaa 6. Wednesday ya Kiingereza ina 9! Nao mtindo wa Waingereza wa kuchukua herufi tatu za mwanzo hautufai, kwa kuwa siku tano zote zingekuwa "Jum".

Kisingizio cha uchoraji wa maandishi nacho kimepitwa na wakati. Hapo awali, upau wa i3 ulitegemea fonti za kale. Baadaye uliwezeshwa kutumia Pango, maktaba ya programu inayopanga na kuchora maandishi ya lugha nyingi za dunia. Jina hilo halihusiani na pango letu la mlimani wala kodi ya pango. Limeungwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "yote" na la Kijapani lenye maana ya "lugha". Chombo kinachochora Kiarabu na Kihindi hakiwezi kushindwa na "Jumanne".

Dawa yenyewe ni ndogo mno. Katika faili ya mipangilio, alama %a huagiza jina fupi la siku, na %A huagiza jina kamili. Tulibadilisha herufi moja, tukahifadhi, upau ukasoma "Jumatatu" bila kubanana na chochote.

Palipo na ulazima wa kufupisha, napendekeza Jmosi, Jpili, Jtatu, Jnne, Jtano, Alh na Ijm. Hapo msomaji hahesabu vidole.

Kikao kimepangwa upya. Safari hii nilimwandikia siku kwa ukamilifu, na tarakilishi yake ingali katika Kiswahili.