"Ukumbusho" si "kumbukumbu"

Katika miaka ya 1970, wachoraji na wanunuzi wa picha huko Katanga waliziita "ukumbusho" picha nyingi za kutundikwa sebuleni. Neno hilo limezoeleka kutafsiriwa kwa Kiingereza "memory". Tafsiri hiyo yaifaa "kumbukumbu". Kwa "ukumbusho" ni pungufu. Kitenzi chake si kukumbuka bali kukumbusha: yupo akumbushaye na yupo akumbushwaye. "Reminder" lingekaribia zaidi, ijapokuwa linanuka deni la dukani.

Kiwanda cha shaba cha Shituru, mjini Likasi, kilianza kazi mwaka 1929 chini ya Union Minière. Mzee aliyefanya kazi humo anayo kumbukumbu yake hata kama ukuta wa nyumba yake ni mtupu. Mjukuu hana, kwani hakuwapo. Lakini picha ya kiwanda, au ile iitwayo "Colonie belge", ya mfungwa anayechapwa fimbo penye bendera ya Ubelgiji, ni ukumbusho kwake pia: inamsukuma mjukuu kuuliza na mzee kujibu.

Kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1996, juu ya picha za historia alizochora Tshibumba Kanda Matulu, kinaitwa Remembering the Present. Ndani yake mchoraji anasimulia, Fabian anasikiliza na kudadisi. Huko ndiko kukumbushana hasa. Jina lililo juu ya jalada, hata hivyo, linataja kukumbuka tu, na msikilizaji ametoweka.